Fundi wa Ziwa Anajibu: Nyaya za boti ya baba

SWALI: Jambo Mzee Fundi. Baba aliniachia boti yake ya mbao, mita tano, ya miaka ya 1960. Imelala bandani pale Nguba tangu alipofariki. Moteri imekubali kuwaka. Shida ni umeme: taa ya mbele inawaka kama kibatari, pampu ya kutoa maji inazunguka kivivu, na fyuzi ilikuwa ikiungua kila mara mpaka binamu akaweka uzi wa shaba mahali pake. Tangu hapo imetulia. Nataka nibadilishe nyaya zilizoharibika tu, nipake rangi, nifike kisiwa cha Idjwi kwa Noeli. Inatosha?
Msomaji, Ibanda, Bukavu

JIBU: Jambo mwanangu. Huo uzi wa binamu kautoe kwanza, ndipo urudi kusoma. Fyuzi kazi yake ni kulinda waya. Ukiweka shaba, cha kuungua kinabaki waya wenyewe, nao umelala juu ya mbao zilizokunywa mafuta miaka sitini. Tena mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: unashuka chini ya sakafu ya boti na kutulia hapo, ukingoja cheche.

Kwa hiyo "zilizoharibika tu" siikubali. Ng'oa zote. Menya waya mmoja wa zamani, ukwangue shaba kwa kisu. Ukiona weusi unaendelea ndani ya ganda, huo hauungiki tena. Wengi hunibishia kwamba Ziwa Kivu si bahari, haina chumvi ya kula nyaya. Sawa, lakini unyevu wa chini ya boti unatosha.

Nami nilishafanya ujinga. Nilitia waya wa nyumbani, ule wa shaba moja ngumu, kwa kuwa ulibaki kwenye kazi ya shemeji. Jioni moja karibu na Katana taa zote zikazimika. Waya ulikuwa umekatika ndani kwa mtetemo wa moteri, nje ganda zima kabisa. Tulirudi kwa tochi ya simu, shemeji hasemi neno. Nunua waya wa nyuzi nyingi. Ukipata uliopakwa bati, usivutane sana bei.

Sasa ule uvivu wa pampu. Tuseme inakula ampea 5 na iko mita 4 kutoka betri. Hesabu mita 8, kwenda na kurudi. Waya wa milimita mraba 0.75 utapoteza karibu volti 1 kati ya 12. Wa 2.5 utapoteza kama volti 0.3. Pampu ipate njia yake yenyewe toka betri, na fyuzi yake, ifanye kazi hata ukizima swichi kuu. Fyuzi kuu isiwe mbali na betri zaidi ya shubiri moja. Maungio yabanwe kwa koleo. Kusokota na kufunga utepe wa skochi, hapana.

Rangi ni ya mwisho. Choma mkuku (uti wa mgongo wa boti) na mataruma (mbavu zake) kwa bisibisi: inapozama, pameoza. Nyufa za mbao zilizokauka usizishindilie kalafati (pamba ya kuziba) kwa nguvu, maana mbao zikinywa maji huvimba na kusukumana, hata taruma linaweza kuvunjika. Ifunge ufukweni siku kadhaa inywe maji. Itavuja vibaya mwanzoni, ndiyo maana nimetanguliza pampu.

Noeli ni karibu mno. Waambie wa Idjwi Pasaka.