Kusafiri kwa Ndege na Bunduki ya Kuwindia: Ushauri kwa Wawindaji Wapya Waishio Marekani

Kwa ndugu zangu mlioanza kuwinda hapa Marekani na mnaojiandaa kwenda Colorado, Wyoming au Montana kumtafuta elki, yule mnyama wa jamii ya paa ambaye dume lake hupita kilo 300, naomba tuanze na jambo ambalo wawindaji waliozaliwa hapa hawana haja ya kulifikiria, nalo ni hati zako za ukaazi. Sheria ya serikali kuu inamkataza mtu aliyeingia nchini kwa viza ya muda, akiwemo mwanafunzi, kuwa na bunduki au risasi. Mlango ulioachwa wazi kwake ni mwembamba: akiwa na leseni ya uwindaji iliyotolewa kihalali na jimbo la Marekani, na ambayo muda wake haujaisha, katazo hilo halimhusu. Mwenye kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu, hakuguswa na katazo hilo. Asiye na kibali halali cha kuwepo nchini amekatazwa kabisa, na kuazima bunduki ya rafiki hakumwondolei kosa, kwa sababu sheria inaangalia kama unayo mikononi, wala haiulizi ni ya nani.

Mwenye kadi ya kijani naye asijione amefika. Sheria ya uhamiaji inaruhusu mtu asiye raia aondolewe nchini akitiwa hatiani kwa kumiliki au kubeba bunduki kinyume cha sheria, iwe sheria ya serikali kuu au ya jimbo. Kosa ambalo jirani yako raia atalimaliza kwa faini na wakili, wewe linaweza kukutenganisha na watoto wako. Kwa sababu hiyo, katika mambo haya nawashauri mchague daima njia iliyo salama zaidi hata kama ni ya gharama zaidi, na asiye na uhakika na hadhi yake amwone wakili wa uhamiaji kabla ya kununua hata risasi moja.

Uamuzi mkubwa kuliko yote hufanyika siku ya kukata tiketi, miezi kadhaa kabla ya kufika uwanja wa ndege. Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayomlinda msafiri anayepita na bunduki katika majimbo mbalimbali, mradi anaruhusiwa kuwa nayo kule anakotoka na kule anakokwenda, na mradi bunduki haina risasi na haifikiki kwa urahisi akiwa safarini. Wengi huishia hapo na kudhani wamekingwa popote. Mwaka 2005 mkazi mmoja wa Utah alikuwa akielekea Pennsylvania kwa kupitia Newark, jimbo la New Jersey, akiwa ameitangaza bastola yake kama inavyotakiwa. Alikosa ndege ya kuunganisha, akachukua mizigo yake, akalala hotelini karibu na uwanja, na asubuhi yake alipoitangaza tena bastola hiyo alikamatwa na kuwekwa mahabusu siku kadhaa. Mashtaka yalifutwa baadaye, lakini alipofungua madai yake mwenyewe, mahakama ya rufaa ilisema mwaka 2010 kwamba ile sheria ya 1986 haikumlinda, kwa kuwa usiku ule hotelini silaha ilikuwa mahali ambapo angeweza kuifikia.

Kwa hiyo tafuta ndege ya moja kwa moja, hata ikikugharimu dola mia zaidi. Ikiwa hakuna, badilisha ndege katika jimbo ambalo sheria zake za bunduki hazitofautiani sana na za kwenu, na uepuke kabisa New York na New Jersey. Ndege ikiharibika au hali ya hewa ikikukwamisha katika jimbo gumu, usilipokee kasha lako. Waambie wahudumu kwa utulivu kwamba mzigo huo una bunduki iliyotangazwa na kwamba unaomba ubaki mikononi mwa kampuni ya ndege hadi safari itakapoendelea. Lala bila mswaki ikibidi.

Leseni nayo inataka mapema. Vibali vingi vya elki hutolewa kwa bahati nasibu, na Colorado hupokea maombi hadi mwanzoni mwa Aprili kwa ajili ya uwindaji wa vuli. Jimbo hilo humtaka kila aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baada ya hapo awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji, na cheti ulichopata katika jimbo lako kinakubalika. Wyoming ina sharti lake: asiye mkazi wa jimbo hawindi wanyama wakubwa katika maeneo ya nyika yaliyotengwa kisheria bila kuongozana na kiongozi mwenye leseni au mkazi aliyepewa kibali cha kumwongoza.

Sasa tuje kwenye kasha. Masharti ya TSA, wakala wa serikali kuu wa usalama wa usafiri, ni machache na yanaeleweka: bunduki iwe tupu, iwe ndani ya kasha gumu lililofungwa kwa kufuli, ipelekwe kama mzigo wa kukabidhi tu, na itangazwe kaunta kila unaposafiri. Ugumu uko kwenye neno kufungwa. Nimemwona ofisa akilishika kasha la plastiki la bei nafuu kwenye pembe iliyo mbali na kufuli, akaivuta kwa vidole viwili, na mwanya ukatokea wa kutosha kupitisha mkono hadi kwenye kitako cha bunduki. Kasha lile halikusafiri. Nunua lenye kuta nene, na ujaze kila tundu la kufuli lililopo, kwa kuwa kufuli moja katikati huziacha pembe zikicheza. Kabla ya kuondoka nyumbani jaribu mwenyewe kuzivuta pembe zote nne kwa nguvu zako.

Juu ya aina ya kufuli mtasikia mabishano. TSA inaruhusu kufuli lolote, hata yale ambayo maofisa wake wana ufunguo wake. Mimi siyatumii hayo kwenye kasha la bunduki, kwa sababu kanuni inataka msafiri peke yake abaki na ufunguo, na sioni busara ya kulinda silaha kwa kufuli ambalo funguo zake ziko mikononi mwa watu nisiowajua. Nunueni makufuli ya kawaida yaliyo imara, yanayofunguka kwa ufunguo mmoja, na ufunguo huo ukae mfukoni mwako, kamwe usiwe ndani ya begi uliloliachia ukanda wa mizigo.

Bunduki yenyewe toa boliti, ile sehemu inayofunga nyuma ya risasi, ili yeyote anayeitazama aone mwanga ukipita kwenye mtutu mzima. Ifunge boliti kwenye soksi nene na uiweke ndani ya kasha hilohilo. Usiiweke kwenye begi la mkononi kwa kudhani kwamba ni kipande cha chuma tu: sehemu za bunduki, pamoja na boliti na magazini, kile kifaa kinachoshika risasi, haziruhusiwi kuingia na abiria. Darubini inaruhusiwa, lakini ukiifungua kutoka kwenye bunduki umepoteza shabaha uliyoirekebisha kwa taabu, kwa hiyo iache mahali pake.

Risasi huwekwa kwenye boksi lililotengenezwa kwa ajili yake, la karatasi ngumu, mbao, plastiki au chuma, na kampuni nyingi za ndege huweka kikomo cha kilo 5 kwa abiria. Boksi la risasi 20 halifiki kilo moja, kwa hiyo mawili yanatosha kwa elki na kwa kujaribu shabaha. Chukua zilezile ulizorekebishia bunduki yako, kwa kuwa maduka ya milimani huenda yasiwe na aina yako wiki ya kufungua msimu. Kampuni nyingi huruhusu risasi zikae kwenye kasha moja na bunduki zikiwa ndani ya boksi lake, lakini soma ukurasa wa kampuni yako, uuchape, na uubebe.

Begi la mkononi ndilo huwaponza watu waangalifu. Usitumie begi ambalo umewahi kwenda nalo kulenga shabaha. Ikiwa huna lingine, litandikie shuka jeupe, ligeuze juu chini, kisha pitisha kidole katika kila mfuko na kila mshono. Mwaka 2023 maofisa wa TSA walikamata bunduki 6,737 kwenye vituo vya ukaguzi wa abiria, na zaidi ya tisa katika kila kumi zilikuwa na risasi ndani. Faini zake huweza kupita dola 10,000, achilia mbali polisi wa jimbo watakaoitwa palepale. Risasi moja iliyosahaulika kwenye mfuko wa koti si jambo dogo kwa mtu anayesubiri kuapishwa uraia.

Siku ya safari fika angalau saa mbili na nusu kabla, kwa sababu huwezi kumalizana na mashine wala simu. Lazima usimame mbele ya mhudumu. Sema kwa sauti ya kawaida kwamba unasafiri na bunduki ya kuwindia iliyo tupu na umekuja kuitangaza. Usianze na neno bunduki peke yake, na usilifungue kasha mpaka uambiwe. Ukiambiwa ufungue, inua kifuniko, rudi nyuma hatua moja, na umwache mhudumu aulize. Ngozi yetu na lafudhi yetu vinatazamwa. Utulivu na mpangilio wa makaratasi yako huondoa wasiwasi wa mtu haraka kuliko maelezo marefu. Utatia saini kadi ya kuthibitisha kwamba bunduki haina risasi, na kadi hiyo huwekwa ndani ya kasha. Mhudumu akitaka kubandika nje alama inayotaja bunduki, mkumbushe kwa adabu kwamba sheria ya serikali kuu haiwaruhusu kulazimisha hivyo, kwani ni kuwatangazia wezi.

Baada ya hapo kasha huenda kukaguliwa. Usikimbilie lango la ndege. Uliza ni wapi pa kusubiri na kwa muda gani, ukae hapo na ufunguo wako mpaka uambiwe kwamba limepita.

Ukifika, viwanja vingine hukupa kasha kwenye ofisi ya mizigo kwa kuonyesha kitambulisho, vingine huliachia kwenye ukanda kama sanduku la nguo, kwa hiyo uwe wa kwanza kufika. Katika gari la kukodi liweke buti. Kama gari halina buti iliyotengwa, kasha libaki limefungwa kwa kufuli nyuma kabisa. Usiku liingize ndani ya chumba chako.

Kabla ya kupanda mlimani, piga risasi tatu kwenye karatasi kwa umbali wa mita mia. Mishindo ya mizigo huihamisha darubini bila kuacha alama, na mtu anayeruka hatua hii anamtesa mnyama. Hewa nyembamba ya mita 3,000 nayo hubadilisha mwendo wa risasi, ingawa tofauti huonekana zaidi kwa masafa marefu.

Kuhusu kurudi, elki dume mmoja anaweza kutoa kilo 80 za nyama isiyo na mifupa au zaidi, ilhali begi la kawaida lina kikomo cha kilo 23. Igandishe kabisa kwa mchinjaji wa huko, uipakie kwenye majokofu ya plastiki, na ukitumia barafu kavu isizidi kilo 2.5 kwa abiria, kampuni iwe imekubali, na jokofu liwe na upenyo wa kutoa gesi. Kichwa kizima usikibebe. Ugonjwa wa kudhoofika, unaowaua elki na jamaa zao, uliotambuliwa kwanza Colorado mwaka 1967, umefanya majimbo mengi yakataze kuingiza ubongo na uti wa mgongo, kwa hiyo pembe ziende na kipande cha fuvu kilichosafishwa, ncha zikiwa zimefunikwa. Kaunta za viwanja vidogo vya milimani hufunguliwa karibu na muda wa ndege tu, na kutangaza bunduki kunaanza upya kama ulivyofanya siku ya kwanza, kwa hiyo piga simu siku moja kabla uulize saa ya kufungua, na ukague chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa, asubuhi hiyo kabla ya kufunga makufuli.