Sufu nunua Memorial, suti kakodi Bergen

*Maswali ya wasomaji kuhusu kuzamia majini. Anajibu mzamiaji mstaafu, Moshi.*

Shikamoo mjomba. Mimi ni binti wa Kibosho, nina miaka 24. Agosti naenda Bergen, Norway, kusoma shahada ya uzamili ya uvuvi, na nasikia wanafunzi wa huko huzamia hata wakati wa baridi. Cheti changu cha kwanza nilikipata Nungwi mwaka jana, nikiwa na suti ya milimita 3, na siku ya tatu nilitetemeka hata hapo. Sasa nimeona pale Memorial, soko la mitumba la Moshi, suti nyeusi ya mpira, haina tundu, muuzaji anataka 90,000. Anasema ni ya baridi ya Ulaya. Imenizidi kidogo kiunoni lakini fundi ataibana. Niichukue, au nijikaze niagize nene zaidi? – Mtetemekaji, Kibosho

Marahaba mwanangu. Hiyo suti iache.

Sijibu kwa kukisia. Barua yako ilinifikia Alhamisi, Jumamosi nikashuka Memorial, nikaikuta imening'inizwa baina ya koti la mvua na gauni la harusi. Kama si hiyo, basi ni pacha wake. Ndani ya shingo imeandikwa 3/2, maana yake kifuani ni milimita 3, mikononi na miguuni 2. Magotini ina viraka vigumu vya kupigia magoti juu ya ubao. Hiyo ni ya vijana wanaoteleza juu ya mawimbi. Nikavuta mshono wa kwapa nikauelekeza juani, mwanga ukapenya kama kwenye chekeche. Muuzaji akaniambia, "Mzee, hiyo mali ya Ulaya." Kweli ya Ulaya, ila ya Julai.

Fundi naye msamehe, kazi hii si yake. Suti ya mpira haizuii maji kuingia. Yanaingia kidogo, mwili unayapasha moto, halafu yanabaki palepale. Kinachokukinga ni viputo vidogo vya gesi vilivyomo ndani ya mpira wenyewe, huo tunaouita neopreni. Suti ikikupwaya, kila ukirusha mguu maji yaliyopashwa yanatoka na mapya yanaingia, ukawa unaichemshia bahari ya Norway bure. Na cherehani ya kawaida ikipita pale kiunoni inaongeza matundu. Watengenezaji wa suti za maji baridi huunganisha vipande kwa gundi kwanza, ndipo wakashona sindano ikiishia katikati ya unene, isitokeze upande wa pili.

Kuhusu kuagiza nene zaidi: kwa maji ya nyuzi 15 hadi 20, milimita 7 iliyokukaa vizuri inatosha. Lakini vile viputo vinabanwa na kina. Ukifika mita 10 shinikizo limekuwa mara mbili ya lile la juu, mita 20 mara tatu. Kwa hiyo milimita 7 ya dukani ukiwa chini siyo 7 tena, na mara nyingi huko chini ndiko kwenye baridi. Bergen mwezi Agosti maji ya juu yanavumilika. Februari na Machi yako kwenye nyuzi 5 au 6.

Nakwambia kwa yaliyonikuta. Machi 2008 nilikuwa Oban, Scotland, maji nyuzi 7. Niliazimwa suti ya milimita 7 na jamaa aliyenizidi kimo. Nikaona, aah, nene hivi, itanitosha. Kila nikigeuza shingo kumtafuta mwenzangu, maji yananishuka toka kisogoni hadi kiunoni kama mtu ananimwagia kwa kata. Dakika ya 14 nikataka kubonyeza kitufe cha kutoa hewa kwenye jaketi la kuelea. Kidole gumba nakiona kiko juu ya kitufe, nakiamuru, hakisikii. Mwenzangu ndiye aliyenipandisha. Ufukweni akanivua glavu kama mtoto anavyovuliwa soksi, akanifungulia na mkanda wa vipande vya madini ya risasi, ule wa kutuzamisha. Sikuwa na akili ya kuona haya.

Kwa hiyo wewe unachohitaji ni suti kavu, na wewe mtoto wa Kibosho unaijua tayari ila hujui kama unaijua. Umewaona wapagazi wanavyovaa: sufu nyembamba mwilini, flisi juu yake, koti la mvua la mwisho. Suti kavu ndiyo hilo koti la mvua, lenye miguu yake, mpira laini unaobana shingoni na mikononi, na zipu isiyopitisha tone. Zile za kitambaa chepesi hazina joto lolote peke yake. Joto liko kwenye nguo za ndani na hewa iliyonaswa humo.

Ndiyo maana nasema pesa yako iache hapahapa Moshi, ila kwa kitu kingine. Kwa 90,000 hiyohiyo, ukiamka mapema siku wanayofungua marobota, unapata fulana mbili za sufu za mikono mirefu, suruali zake za ndani, na ovaroli la flisi kama una bahati. Soma lebo. Ikitajwa pamba, irudishe hata kama rangi imekupendeza, maana pamba ikishika jasho inakukalia na baridi yake.

Suti yenyewe kakodi huko, na mafunzo yake ujifunze hukohuko. Hewa unaiingiza kwa valvu ya kifuani na kuitoa kwa valvu ya bega la kushoto, na ukizembea inakimbilia miguuni, unajikuta kichwa chini miguu juu. Si mambo ya kujifundisha. Hata uzito utabadilika: mimi Zanzibar nilibeba kilo 4 za risasi, na suti kavu ilinidai 12.

Siku ya kuijaribu, vaa nguo zako zote za ndani kwanza. Chuchumaa. Jikumbatie. Peleka mkono nyuma ya shingo kama unayegusa koki ya mtungi. Kikikuzuia chochote, omba saizi nyingine. Mpira wa shingo ukibana hadi kichwa kinakuwa chepesi, vua hapohapo. Halafu wewe mwenye mikono myembamba, tazama kiganja chako ukikunja ngumi: ile mishipa miwili inayotokeza chini ya kiganja inaacha mfereji katikati, na maji hupita humo. Wakupe mpira mwembamba zaidi mkononi, au uusogeze juu zaidi ya hapo, kuelekea kiwiko. Kofia ya mpira na glavu nene ni lazima. Na waulize kama regulata yao, kile kifaa cha kupumulia, ni ya maji ya chini ya nyuzi 10, kwani ya kawaida huweza kuganda ikamwaga hewa yote bila kukoma.

Shikamoo mzee. Naongoza wageni mlimani, huu mwaka wa 15. Mgeni wangu amenialika Iceland tukazamie mahali panaitwa Silfra, maji nyuzi 2. Mimi kambi ya Barafu nimelala kwenye hasi 15 na asubuhi nikapika chai. Kweli nijifunge masuti yote hayo kwa nyuzi 2 juu ya sifuri? – Soweto, Moshi

Marahaba. Hongera ya mwaliko, lakini hesabu yako inachanganya hewa na maji. Maji yananyonya joto la mwili kama mara 25 kuliko hewa ya ubaridi uleule. Pale Barafu una mfuko wa kulalia na hewa tulivu ndani yake. Ndani ya maji ya nyuzi 2 bila kinga, dakika ya kwanza unahema bila kutaka, na baada ya kama dakika 10 vidole havifungi hata kamba. Hapo hujafika kwenye ubaridi wa kuua, umepoteza mikono tu, na mikono ndiyo inayokuokoa.

Silfra ni ufa katika hifadhi ya Thingvellir, pale bamba la ardhi la Amerika Kaskazini na la Ulaya na Asia yanapoachana. Maji yake yametoka kwenye barafu ya Langjökull, yakachujwa miaka mingi ndani ya miamba ya volkano, na kiangazi au baridi ni nyuzi 2 hadi 4. Hutaruhusiwa kuzamia bila suti kavu na uthibitisho kwamba umeizoea. Kama huna, wanakuelekeza kuelea juu na maski, nawe ukiwa umevaa suti hiyohiyo, na maji yalivyo safi utaona kila kitu. Nguo zako za usiku wa kupanda kileleni zibebe zote, soksi hasa. Kitakachokuwa wazi ni midomo, na itakufa ganzi. Ukitoka usijaribu kupuliza chai, itakumwagikia.

Mzee habari. Nimenunua suti ya milimita 5 ya kuzamia Tanga na Pemba. Inagoma kuvuka kisigino. Nimepunjwa saizi? Narudi Jumapili usiku kwa basi, nitairudisha dukani. – Sakina, Arusha

Nzuri. Usiirudishe kabla hujajaribu soksi nyembamba za nailoni. Zamani tulivaa rambo mguuni, mguu ukateleza kama mlenda, lakini tangu Juni 2019 rambo ni kesi. Vaa soksi, panda taratibu, ukivuta kwa nyama ya vidole, kwani kucha zinakata mpira alama za mwezi mchanga. Usivute kiuno kabla magoti hayajakaa mahali pake. Zipu inakaa mgongoni. Nimeshamwona mtu mzima akibisha. Ikikubana kifuani ukiwa nchi kavu lakini unapumua hadi mwisho, hiyo ndiyo saizi yako.

Ila basi la Jumapili usiku lifute kama utazamia mchana wake. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na naitrojeni iliyokuingia mwilini ukiwa chini ya maji haipendi kupandishwa haraka, inaweza kufanya viputo mwilini. Lala Tanga, panda la kesho yake jioni. Suti isuuze kwa maji baridi ya bomba, itundike kivulini kwa hanga nene, na hadi muda wa basi itakuwa imekauka.