Namba ya siri ya kadi ukiwa ugenini

Ndugu uliyesahau namba ya siri ya kadi ya benki ya nyumbani ilhali uko nje ya nchi, kwanza acha kubahatisha, kwa kuwa kadi nyingi hufungwa ukikosea mara 3 na baadhi ya mashine huimeza kabisa. Fungua programu ya benki kwenye simu, kwani baadhi ya benki huonyesha namba hiyo humo humo baada ya kukuthibitisha. Ikiwa haipo, piga namba iliyochapishwa nyuma ya kadi, ile inayoanza na alama ya kujumlisha, maana zile fupi za bure mara nyingi hazipatikani kutoka nje.

Kikwazo kikubwa ni kwamba benki nyingi hutuma namba mpya kwa barua, tena kwa anwani iliyo katika kumbukumbu zao tu, hivyo uliza mapema kama wanaweza kuituma uliko. Laini ya simu uliyosajili benki isizimike, kwa sababu tarakimu za uthibitisho hutumwa huko. Binafsi naiona kuwa na thamani kuliko kadi yenyewe. Wakati unasubiri, kumbuka kwamba kilichofungwa ni kadi, si akaunti, kwa hiyo kwa kawaida bado unaweza kuhamisha fedha kwa njia ya mtandao.

Hata kadi ikishafunguliwa, huenda malipo dukani yakaendelea kukataliwa mpaka uiingize kwenye mashine ya kutolea fedha, ili chipu ipokee badiliko hilo.