Maswali ya Wasomaji: Nahau za Kiingereza

SWALI: Nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja Nungwi. Sarufi ya Kiingereza naijua, lakini wageni wakianza "I'm good" mara "half five", naachwa njiani. Nimekariri kitabu kizima cha nahau, faida siioni. Nifanyeje? (Msomaji, Zanzibar)

JIBU: Hicho kitabu kiweke kando. Vingi vya aina hiyo vimejaa mapambo kama "raining cats and dogs", ambayo Waingereza wenyewe hawaisemi sana. Mvua ikimwagika utasikia "it's pouring". Anza na yanayosemwa hapo kaunta kwako.

Ukimuuliza mgeni kama aongezewe kahawa akajibu "I'm good", hakuambii kwamba ni mzima. Amekataa kwa adabu, basi usimmiminie. "You all right?" ya Mwingereza ni salamu tu. Jibu "fine, thanks", habari za mgongo ziache. "Half five" kwake ni 5:30, yaani saa kumi na moja na nusu. Mjerumani naye akitafsiri ya kwao huenda akakusudia 4:30, saa kumi na nusu! Ukipanga gari la uwanja wa ndege, andika saa kwa tarakimu umwoneshe, la sivyo mtu ataachwa na ndege.

Wewe unapozungumza, jihadhari na Kiswahili kilichovishwa Kiingereza. Mgeni amejikwaa ngazini, nawe unasema "sorry" kwa maana ya pole: atashangaa unaomba radhi ya nini. Muulize "are you OK?" "I'm coming" huku unamwacha humchanganya, sema "I'll be right back". Na aliyerudi baada ya mwaka usimwambie "you are lost", maana atadhani kakosea hoteli. Hapo ni "long time no see".

Daftarini andika sentensi nzima kama ilivyotamkwa, na nani alikuwa akimwambia nani. Misemo mitano kwa wiki yatosha. Kwenye kamusi ya Oxford ya wanafunzi, tafuta nahau chini ya neno lake kuu la kwanza: "spill the beans", kutoboa siri, iko kwenye "spill". Ukikuta imeandikwa "old-fashioned", yaani ya kizamani, ielewe lakini usiitumie.

SWALI: Kwa nini "put off the meeting" (kuahirisha mkutano) ni sahihi, lakini "put off it" ni kosa? (Mwanafunzi, Nakuru)

JIBU: Nomino hukaa popote: "put off the meeting" au "put the meeting off". Kiwakilishi lazima kiingie katikati: "put it off". Ila si vitenzi vyote vya namna hii vinavyotenganishwa: "look after it" na "put up with it" havikatwi. Kamusi hiyohiyo huweka mshale wenye ncha mbili kwenye vinavyotenganishwa. Usipouona, usikitenganishe.