Amplifaya ya kuendesha KEF LS50 Meta

Mkuu, umeuliza kama amplifaya yako ya wati 20 itazitosha spika za KEF LS50 Meta ulizonunua. Kwa sauti ya chini chumbani, sawa. Kwa sebule kubwa, hapana. Spika hizo ni tamu sana ila zinataka nguvu: usikivu wake (kiasi cha sauti zinachotoa kwa nguvu ile ile ya umeme) ni desibeli 85 tu, na ingawa zimeandikwa omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme; ukishuka, amplifaya inabeba mzigo zaidi), kwenye baadhi ya masafa ya sauti zinashuka hadi omu 3.5. KEF wenyewe wanapendekeza wati 40 hadi 100.

Ukiongeza wati maradufu unapata desibeli 3 tu, kwa hiyo usiumize kichwa kati ya wati 60 na 80. Uliza kama amplifaya inahimili omu 4 bila kuchemka. Amplifaya dhaifu ikifunguliwa hadi mwisho, sauti ikaanza kukwaruza, inaweza kuunguza twita (kile kispika kidogo cha sauti nyembamba).

Yale maandishi ya "wati 1000" kwenye boksi achana nayo kabisa. Soma wati za RMS (nguvu halisi ya kuendelea) kwa kila chaneli, yaani kila upande, zote mbili zikipiga pamoja. Mimi ningetafuta ya wati 60 na kuendelea, hata mtumba. Nenda dukani na spika zako, zipige nusu saa kwa sauti unayoipenda, kisha gusa kifuniko cha amplifaya uone kama inachemka.