Wasomaji Wanauliza, Wakili Anajibu: Mchezo wa Kompyuta Ukishaamilishwa, Unarudishwa au Unauzika?

Barua tatu za mwezi huu zimetoka miji mitatu tofauti, lakini zote zinahusu namba ile ndefu inayochapwa ndani ya sanduku la mchezo wa kompyuta, ambayo ikishaingizwa mara moja huufungamanisha mchezo na akaunti ya mtumiaji mmoja; huko ndiko kuuamilisha mchezo.

SWALI: Shikamoo wakili. Siku 12 zilizopita nilimnunulia mwanangu mchezo wa kompyuta kwa pauni 40 katika duka moja hapa Leicester. Tulifungua sanduku, tukaweka diski, tukaingiza namba, mchezo ukafunguka. Hata hivyo, kila anapofika hatua ya tatu unakwama na kujizima, ingawa kompyuta yetu inatimiza mahitaji yote yaliyoandikwa nyuma ya sanduku. Nilipoupeleka dukani, muuzaji alinionyesha kibandiko kinachosema kwamba programu iliyofunguliwa hairudishwi. Je, haki yangu iliisha nilipochana ile nailoni? (Mzazi, Leicester)

JIBU: Marahaba. Haikuisha. Kibandiko hicho kimechanganya watu wawili ambao sheria ya Uingereza huwatenganisha, yaani mnunuzi aliyebadili nia na mnunuzi aliyeuziwa kitu kibovu.

Aliyebadili nia hana nguvu nyingi. Akiwa amenunua dukani, mwenye duka halazimiki kupokea kitu kisicho na kasoro, na akikipokea ni kwa hisani au kwa utaratibu aliojiwekea mwenyewe. Akiwa amenunua kwa mtandao, kanuni za mwaka 2013 kuhusu mikataba ya walaji humpa siku 14 za kughairi bila kutoa sababu yoyote, lakini haki hiyo hukoma pale anapofungua programu iliyofungwa kwa lakiri au nailoni. Kwa mchezo wa kupakua, hukoma upakuaji unapoanza, mradi mnunuzi alikubali waziwazi uanze mapema na akakiri kwamba kwa kufanya hivyo anaipoteza haki ya kughairi. Ridhaa na ukiri huo si mapambo ya ukurasa wa malipo, kwa sababu muuzaji asiyeupata kwa utaratibu hawezi baadaye kudai kwamba siku 14 za mteja zimefutika.

Wewe hukubadili nia. Umeuziwa kitu kibovu, na anayekulinda ni Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015, ambayo inataka maudhui ya kidijitali yawe na ubora wa kuridhisha, yafae kwa kazi yake na yalingane na maelezo yaliyotolewa. Kwa kuwa mchezo wako uko ndani ya diski, sheria huiona diski hiyo kuwa bidhaa, na kasoro ya programu iliyomo huhesabiwa kuwa kasoro ya bidhaa yenyewe. Kwa hiyo unazo siku 30 za kuikataa na kudai fedha zako zote, na umetumia 12 tu. Siku hizo zikipita hutabaki mikono mitupu: muuzaji atapewa nafasi moja ya kurekebisha au kubadilisha, na akishindwa unaweza kuikataa bidhaa au kudai upunguziwe bei. Katika miezi 6 ya mwanzo kasoro huchukuliwa kuwa ilikuwapo tangu mwanzo, isipokuwa muuzaji athibitishe vinginevyo. Hali ingekuwa tofauti kidogo kama mngeupakua mchezo huo bila diski, kwa sababu hapo hakuna haki ya kuukataa moja kwa moja ndani ya siku 30. Huanza marekebisho au mbadala, kisha hufuata punguzo la bei, ambalo linaweza kufikia bei nzima.

Kasoro ya programu haionekani mpaka programu ifunguliwe, na mchezo huu haufunguki mpaka uamilishwe. Anayesema kwamba kuamilisha kunafuta haki ya kulalamikia ubovu anamtaka mteja anunue mbuzi kwenye gunia, kisha anamkataza kulifungua gunia. Tena, sheria hiyo ya 2015 hairuhusu haki hizi ziondolewe kwa tangazo, kibandiko wala maandishi ya nyuma ya risiti.

Rudi dukani na risiti, picha za ujumbe wa hitilafu unaotokea kwenye kioo, na ukurasa wenye mahitaji ya kompyuta, ambayo ni sehemu ya maelezo ya bidhaa. Mlalamikie muuzaji na si kampuni iliyotengeneza mchezo, kwa maana mkataba wako ni na duka. Wakikataa, waandikie barua fupi yenye tarehe na kiasi unachodai, kwani hiyo ndiyo itakayoanzia faili lako endapo utakwenda kwenye utaratibu wa madai madogo. Jiandae tu kwamba wataufunga ufikiaji wa mchezo kwenye akaunti ya mtoto mara watakaporudisha fedha, na hapo watakuwa hawajakosea.

SWALI: Mheshimiwa wakili, ninaishi Köln, Ujerumani. Kwa miaka kumi nimenunua michezo zaidi ya 60, mingine kwa diski na mingine kwa kupakua, na yote imo katika akaunti yangu ya Steam, lile duka la michezo ya kompyuta la mtandaoni. Sasa sichezi tena. Nikiwa na kitabu nilichokisoma ninaweza kukiuza kama mtumba. Kwa nini nisiuze michezo yangu, au angalau nimpe mpwa wangu anayeishi Hamburg akaunti nzima? (Msomaji, Köln)

JIBU: Swali lako limewapeleka watu mahakamani nchini Ujerumani na Ufaransa kwa zaidi ya miaka kumi, na mpaka sasa wameishia kushindwa.

Kwa kitabu, kanuni ni kwamba mwenye hakimiliki akishaiuza nakala kwa ridhaa yake, mamlaka yake juu ya usambazaji wa nakala ile huwa yamekwisha, na mnunuzi anaweza kuiuza kwa amtakaye. Diski ya mchezo huingia katika kanuni hiyohiyo. Tatizo ni akaunti. Shirikisho la vyama vya walaji la Ujerumani liliishtaki kampuni ya Valve, mmiliki wa Steam, kwa sababu ya mchezo Half-Life 2, ambao ulikuwa ukiuzwa kwa DVD lakini hauchezeki bila akaunti isiyohamishika. Tarehe 11 Februari 2010 Mahakama Kuu ya Shirikisho mjini Karlsruhe iliamua kwamba Valve haikukosea: mnunuzi yu huru kuiuza DVD yake, na kwamba hakuna atakayeitaka DVD isiyo na akaunti ni suala la soko, halizuii haki yake ya kuuza. Kwa maoni yangu uamuzi huo ni sahihi kwa herufi na mgumu kuumeza, kwa sababu ni sawa na kumwambia mtu kwamba anaweza kuuza mlango wa nyumba ilhali ufunguo utabaki kwa fundi.

Matumaini yalifufuka tarehe 3 Julai 2012, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilipoamua shauri kati ya UsedSoft, muuzaji wa leseni za programu zilizokwisha tumika, na Oracle, kampuni ya programu. Ilisema kwamba hata programu iliyopakuliwa inaweza kuuzwa tena, iwapo mnunuzi wa kwanza alilipa bei inayolingana na thamani yake ili aitumie bila kikomo cha muda, na iwapo ataifanya nakala yake isitumike tena siku anapoiuza. Wengi walidhani mlango umefunguka kwa michezo pia. Haukufunguka. Mwaka 2014 mahakama hiyohiyo, katika shauri la kampuni ya michezo Nintendo dhidi ya kampuni ya PC Box, ilieleza kwamba mchezo wa kompyuta si programu tupu, bali ni kazi yenye picha na sauti ambazo zina ulinzi wake mwenyewe. Januari mwaka huohuo mahakama ya mkoa ya Berlin ilikataa tena madai ya shirikisho lile dhidi ya Valve. Kisha, Desemba 2019, katika shauri la kampuni ya Tom Kabinet kuhusu vitabu vya kielektroniki vya mitumba, mahakama ile ya Ulaya ikaamua kwamba kuviuza tena kwa kupakua kunahitaji idhini ya mwenye hakimiliki.

Ufaransa ndiyo iliyokaribia zaidi. Chama cha walaji UFC-Que Choisir kilishinda dhidi ya Valve katika mahakama ya Paris Septemba 2019, na magazeti yakaandika kwamba michezo ya Steam sasa inauzika. Mahakama ya rufaa iliutengua uamuzi huo Oktoba 2022, na Oktoba 2024 mahakama ya juu ya nchi hiyo ikaunga mkono uamuzi huo wa rufaa: sheria ya programu haitumiki kwa michezo, na kwa hiyo mlango wa UsedSoft si wao.

Kwa hali hiyo, nakushauri usimuuzie mtu akaunti. Utakuwa umevunja mkataba, kampuni inaweza kuifunga, na mnunuzi atakudai wewe. Kuhusu mpwa wako, Steam ina mpangilio wa familia unaowawezesha watu wasiozidi sita kutumia michezo ya wenzao, lakini umekusudiwa watu wa nyumba moja, na Hamburg na Köln si nyumba moja. Michezo yako ya diski ambayo haidai akaunti, pamoja na ile ya mashine za PlayStation au Xbox, unaweza kuiuza kesho asubuhi. Mwaka 2013 Microsoft ilitangaza mpango wa kuweka vizuizi kwa michezo ya mitumba ya Xbox One, wateja wakalalamika, na Juni ya mwaka huohuo kampuni ikaufuta. Wateja hao walifanikisha kwa wiki chache jambo ambalo mawakili hawajalipata mahakamani.

SWALI: Wakili, nilinunua diski ya mchezo iliyokwisha kutumika katika kibanda kimoja hapa Mombasa. Nilipoiweka kwenye kompyuta nikaambiwa namba yake ni ya akaunti nyingine. Mwenye kibanda anasema mali ikiuzwa hairudishwi. (Kijana, Mombasa)

JIBU: Msemo huo umechapwa kwenye risiti nyingi kuliko anuani za maduka, lakini haumwokoi. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Walaji ya mwaka 2012 inachukulia kwamba muuzaji ameahidi bidhaa yenye ubora unaostahili kuuzwa, na inabatilisha sharti lolote linalojaribu kuiondoa ahadi hiyo. Aidha, kwa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, kitu lazima kilingane na maelezo yake. Mchezo usiochezeka kwa sababu namba yake imekwisha tumika haulingani na neno «mchezo» hata kwa kiwango cha mtumba, isipokuwa kama mwenye kibanda alikueleza kabla ya kulipa kwamba unanunua diski bila namba. Hilo ndilo atakalojitetea nalo, kwa hiyo jiulize kwa uaminifu alikuambia nini siku ile.

Kama hakukuambia, mpelekee diski, risiti na picha ya ujumbe uliotokea, umpe siku chache arudishe fedha. Akikataa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, nawe unaweza kujiwakilisha bila wakili, jambo ambalo kwa bei ya diski moja nakushauri ulifanye.