Barua kwa mwanangu: mkono ndani ya sado

Ujiji, Kigoma

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimejifungia chumbani, maana shangazi yako ana masikio. Unasema mwenzio mliyepanga naye hapo Dodoma miaka sita amehama, na wakati anafunga mabegi akakwambia kuishi na wewe ni sawa na kuishi na mkaguzi. Halafu ukaniuliza: "Mama, hivi mimi ni mtu mgumu? Wewe umenilea, niambie ukweli."

Nitakujibu. Ila niache kwanza nikusimulie mimi mwenyewe nilivyojijua. Kisa hiki sijawahi kukuambia. Marehemu baba yako alikijua, na alikuwa akinikumbusha kila nilipojitia utakatifu.

Mwaka 2009 wewe uko bweni, kidato cha pili. Chanja zetu za kuanikia dagaa pale ufukweni Kibirizi zilikuwa mbili, ile ya waya mpya na ile iliyolegea katikati, na nilikuwa na vibarua watatu wa kuanika. Mmoja alikuwa binti mwembamba, mrefu, hasemi sana. Lafudhi yake nikaisikia ni ya ng'ambo, nikamwita Mrundi, na wote wakamwita hivyo. Alifanya kazi kwangu karibu miaka miwili. Ada yako ya shule ilipita katika mikono ya binti yule, akigeuza dagaa juani kutwa nzima.

Siku hiyo nilikuwa nimerudi nyumbani kuchukua chupa ya chai. Nikaja kwa nyuma, pale mitumbwi inapopandishwa mchangani, nikasikia wanawake wanacheka mpaka wanapiga mapaja. Nikachungulia. Binti kasimama katikati yao, khanga kaifunga juu ya matiti, sado, kile kindoo changu cha kupimia dagaa, kaikumbatia kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia kautumbukiza ndani ya sado, dole gumba na vidole vyote, eti anaishikilia isianguke, huku mwenzake anajifanya kumimina dagaa. Kichwa kakilaza upande kama kuku anayemwangalia mwewe. Kisha kwa sauti ya upole kabisa, ile ya mtu anayekuibia huku anakuombea dua: "Chukua mwanangu, sijakupunja, Mungu anaona."

Nilicheka, mwanangu. Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia mguuni. Nilijua anamwiga mama yako mkubwa! Ukoo mzima unajua dada yangu anavyopima, hata chumvi anaikopesha kwa kijiko alichokipangusa kwa kidole. Nikasema moyoni, kumbe hata Mrundi huyu kamwona.

Kisha binti akafanya kitu kingine. Kabla ya kutaja bei akachukua ncha ya khanga, akapangusa pembe ya mdomo, huku na huku. Wanawake wakaanguka kwa kicheko. Mimi nikaduwaa. Dada yangu hana tabia hiyo. Nikawa natafuta ni nani mwenye tabia hiyo, nimeiona kwa nani, na katika kutafuta nikagundua kwamba ncha ya khanga yangu iko mdomoni mwangu.

Mwanamke wa chanja ya jirani ndiye aliyeniona. Kicheko kikakatika, wakabaki kunguru tu.

Ningependa nikuandikie kwamba nilicheka nao tukanywa chai. Miaka mingi nilikuwa najisimulia hivyo. Nilichosema ni: "Chai imepoa." Nikaiweka chini, nikaondoka. Mbalamwezi ilipoingia, si unajua ziwa likiwa jeupe dagaa hawafuati karabai na wavuvi wanakaa nyumbani, nikawalipa vibarua wote, nikawaambia tutaonana giza likirudi. Giza liliporudi nikawaita wawili. Yule sikumwita.

Wewe ulipofunga shule uliuliza, "Yule dada mrefu yuko wapi?" Nikakujibu kaolewa. Sijui nililitoa wapi.

Unajua ninavyosema siku zote: mtu usimjue kwa maneno yake, mjue kwa kipimo chake. Nimewaambia hivyo tangu mko wadogo, wewe na kaka yako, mpaka mkawa mnanimalizia sentensi. Siachi kusema, maana naliamini. Lakini angalia aliyekuwa analisema! Mkono uko ndani ya sado. Usiku ule nilipomlalamikia baba yako, nikitegemea atakasirika kwa ajili yangu, aliniuliza swali moja tu: "Alikuwa anaigiza vizuri?" Nikasema vizuri mno. Akacheka hadi kikohozi kikampata, nami nikamgeuzia mgongo, na mpaka leo nikimkumbuka baba yako namkumbuka na kicheko kile.

Sasa, nilijua au sikujua? Hapo ndipo ninapogombana na nafsi yangu. Nikisema sikujua, mbona nilikasirika? Uongo mtupu haumkasirishi mtu namna ile, unamshangaza tu. Na nikisema nilijua, nakumbuka vizuri kwamba asubuhi iliyofuata nilipima vilevile, mkono ndani, na moyo mweupe kabisa. Sado inateleza jamani, ina mafuta ya dagaa, lazima uishike mahali. Nilipima hivyo miaka mingine kumi na tano.

Kilichonibana ni ziwa letu la Tanganyika kufungwa uvuvi mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Miezi mitatu, mwanangu! Nikaosha kila kitu cha kuoshwa. Siku moja nikaitoa sado uani, nikaijaza maji hadi mdomoni, nikatia mkono kama ninavyoutia siku zote. Maji yakamwagika. Nikautoa mkono, nikajaza pengo kwa kikombe cha chai. Kikombe kizima na kidogo juu yake. Nikarudia, nikidhani nimekosea. Kikombe na kidogo. Nikakaa juu ya kinu nikaanza kuhesabu ni sado ngapi kwa siku, siku ngapi kwa mwezi, nikaacha kabla sijafika mbali, na hesabu unajua siogopi.

Methali inasema nyani haoni kundule. Sawa, haoni. Lakini anayemfuata nyuma analiona, na binti yule alikuwa nyuma yangu miaka miwili, mtu ninayemlipa kwa siku. Mama yangu mzazi hakuwahi kuniambia napangusa mdomo kabla ya kutaja bei. Baba yako naye hakuwahi. Pengine walishaacha kuniangalia, kama mtu anavyoacha kuuangalia mlango wa nyumba yake.

Huwa nafikiri haya nikiziona boti za kwenda hifadhi ya sokwe ya Gombe zikiondoka pale Kibirizi na wageni wao wenye kofia. Wanamsifu Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe aliyefariki Oktoba 2025, kwa subira yake, na kweli alikuwa nayo: alifika mwaka 1960, na miezi kadhaa sokwe walikuwa wakimwona tu wanakimbia, mpaka mmoja mwenye ndevu nyeupe alipokubali kukaa karibu akionekana anavua mchwa kwa kijiti. Lakini mimi huwaza upande wa pili. Miezi yote ile sokwe walikuwa wanafanya nini? Walikuwa wanamsoma yeye! Aketipo, apitapo, anachokula, kama ana fimbo. Yeye alipata daftari lake la kwanza la maana baada ya wao kumaliza kumwangalia. Na kuna jambo watu hawalisemi: alikuja na mama yake mzazi, kwa kuwa wakubwa wa wakati ule hawakukubali msichana akae porini peke yake. Mama yule akafungua kijikliniki, akawa anawatibu wavuvi. Nampenda mama yule kuliko binti, unisamehe. Huwezi kumfunga mtu kidonda ukiwa mbali naye.

Nimepotea. Nilikuwa nakwambia kuhusu binti.

Wakati huohuo wa ziwa kufungwa nilimuuliza yule jirani wa chanja, tukiwa tumekaa hatuna kazi, kama anajua yule Mrundi alirudi kwao lini. Akaniangalia kama niliyeuliza jua linatokea wapi. "Mrundi gani? Si Muha, mtu wa Manyovu yule? Baba yake si ndiye anayekuuzia maharage?"

Mzee wa maharage! Yule wa sokoni Mwanga, mwenye koti la kijivu, anayekutania kila ukija kwamba Dodoma wanakunyima chakula. Miaka kumi na zaidi nanunua kwake, naye hajawahi kunitajia binti yake. Ananipimia kilo, kisha anaongeza kiganja kizima juu, nami napokea na kusema asante mzee wangu. Anajua? Lazima anajua. Au binti hakuwahi kusema kwao. Nimeshajaribu mara mbili kuanza, nikaishia kuuliza bei ya soya. Wiki ijayo pengine. Na hata nikianza nitasema nini, kwamba niliona aibu au kwamba sikuwahi kumuuliza mwanawe anatoka wapi? La pili ndilo linaloniuma zaidi siku hizi. La mkono ni dagaa tu. Lakini mtu aiigize nafsi yangu yote kwa dakika mbili, tena kwa ustadi ule, nami hata wilaya yake sikuijua.

Kwa hiyo unaponiuliza wewe ni mtu mgumu, mimi nauliza: huyo mwenzio unamjuaje? Alikuwa anapenda kulala na taa au giza? Miaka sita mkila pamoja, siku aliyokuwa amechoka ulijuaje? Sikuulizi unijibu mimi.

Na ukweli unaoutaka sitausema. Ninao. Ulimi umewasha tangu mstari wa kwanza. Ninachoweza kukwambia ni kwamba Idi iliyopita, shangazi yako alipomaliza kuosha vikombe, kuna mtu alisubiri atoke jikoni akaviosha upya vyote, kimyakimya, akavipanga mishikio ikitazama upande mmoja. Mimi nilikuwa mlangoni. Shangazi yako alikuwa dirishani kwa nje. Hakusema kitu, na mimi sisemi kitu, na tena huenda vikombe kweli vilikuwa na sabuni. Umeona ulivyonifanya? Nilisema sisemi.

Mimi ni mama yako, sikuoni sawasawa. Nakuona bado una miaka saba na ufagio mrefu kuliko wewe, unafagia uwanja ambao nimeshaufagia, na mimi najivunia. Labda hapo ndipo nilipokukosea, labda sipo. Muulize aliyefunga mabegi. Yeye kakaa nyuma yako miaka sita. Muulize akuigize, kama atakubali.

Nimempa konda wa basi la kesho alfajiri mfuko wa bluu. Una sado mbili za dagaa wasio na mchanga na chupa moja ya mawese, nimeifunga nailoni tatu ila ishike wima. Sado moja yako, moja mpelekee mwenzio huko alikohamia. Nimepima mwenyewe, mkono nje. Basi likichelewa, mpigie konda, namba yake nimeiandika juu ya mfuko kwa kalamu nyekundu.

Mama yako